Mwenyeji wa Mademoiselle Mado

Barua ya chuo kikuu ilipofika kwenye kiwanda cha matofali cha Haesaert, nje kidogo ya Élisabethville kwenye barabara ya Kipushi, mkurugenzi aliisoma akacheka peke yake. Ilitoka Ubelgiji. Iliomba kampuni impokee kwa miezi kadhaa mwanafunzi aliyekuwa akitafuta shahada yake ya udaktari, azunguke kambini kwa wafanyakazi, aangalie wanavyooana, wanavyokula na wanavyozikana, kisha aandike. Bwana Gérard hakuona faida ya kuandika namna watu wanavyokula bukari, ugali wa huko. Lakini alikuwa amesikia kwamba kampuni kubwa za mjini tayari zina wanafunzi wa namna hiyo, na hakutaka kiwanda chake kionekane cha washamba. Akajibu kwamba wamlete, kwa sharti moja: maandishi yake yapitie kwanza mezani pa mkurugenzi kabla hayajaenda kwa maprofesa. Chuo kikakubali.

Kazi ya kuwa mwenyeji ikamwangukia Anaclet, karani wa wafanyakazi. Ingemwangukia nani mwingine? Anaclet alivaa tai hata siku za Jumamosi, alizungumza Kifaransa kilichonyooka kuliko cha mafundi wengi wa Kizungu pale kiwandani, na nyumbani kwake kambini palikuwa na meza yenye kitambaa na uma kwa kila mlaji. Ni kweli kwamba akitoka tu, mkewe Agnès na watoto walirudia vidole vyao bila majuto yoyote. Lakini hilo halikuandikwa popote.

Tena Anaclet alikuwa ameomba immatriculation. Hii ilikuwa hati ambayo serikali iliwapa Waafrika wachache iliowaona wamekwisha kustaarabika, na waliotaka kuipata walikaguliwa mpaka chooni. Watu humcheka mtu anayekubali kuchunguliwa vijiko vyake, na wana haki ya kucheka. Lakini Anaclet alikuwa na binti, Virginie, mtoto mwenye kichwa chepesi aliyekuwa amemaliza yote ambayo masista wa shule ya kambi waliweza kumfundisha. Shule iliyofuata, ile ya mjini yenye maabara na piano, haikupokea mtoto mweusi ambaye baba yake hana hati ile. Kamisheni ya ukaguzi ilikuwa ije kabla ya mvua za kwanza, na mdhamini wa Anaclet alikuwa Bwana Gérard mwenyewe. Kwa hiyo alipoambiwa kwamba anapewa mgeni, Anaclet alielewa kwamba anapewa jicho lingine la kumtazama.

Mgeni alikuwa msichana mwembamba, jina lake Madeleine, na wanawake wa kambi hawakuchelewa kumwita Madmazele Mado. Alikuwa amejifunza Kiswahili kwa padre mmoja mzee huko kwao, Kiswahili cha kitabu, kila neno limevaa viatu. Akisema "watoto wazuri", watoto walimrudishia "batoto bazuri" wakaanguka kwa kicheko, naye akacheka pamoja nao. Alisonga bukari mpaka viganja vikafanya malengelenge. Alikunywa munkoyo, togwa ya mahindi na mizizi, bila kukunja uso. Alikuwa mtu mwema, na hilo lazima lisemwe mapema, kwa sababu baadaye kambini walitafuta wa kumlaumu na wengi wakamtaja yeye.

Anaclet alimhudumia vizuri. Alimpangia nyumba za kutembelea, alimkalimania maneno magumu, alimwonyesha udongo unavyokandwa, unavyotiwa kwenye kalibu na kuanikwa, na tanuri linavyowashwa kwa magogo ya miombo. Jioni alimsindikiza mpaka kwenye nyumba ya wageni ya kampuni, akiwa ameshikilia mwavuli wake kwapani hata wakati wa kiangazi. Alijisikia mtu. Mara ya kwanza maishani mwake Mzungu alikuwa akimuuliza mambo na kusubiri jibu.

Siku moja Mado alimuuliza juu ya utani. Alikuwa amesoma mahali kwamba watu wa upande wa Luapula wana koo zinazotaniana, na kwamba mtani ndiye anayezika. Je, hapa kambini jambo hilo bado lipo?

Lilikuwepo, tena sana. Anaclet mwenyewe kwa upande wa mama yake alikuwa wa ukoo wa Chui, na Chui na Mbuzi ni watani tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Faustin, kapita au msimamizi wa tanuri, alikuwa Mbuzi. Hawakuweza kupita njia moja bila kutukanana: Faustin akimuuliza Anaclet kama tai ile ni kamba aliyoikata akatoroka nayo alipokuwa amefungwa, Anaclet akimjibu kwamba mbuzi ndiye hufungwa kamba, na jioni aje achinjwe. Lakini mbele ya mwanafunzi wa udaktari Anaclet aliona kamisheni yote imekaa nyuma ya yale macho ya kijivu. Akamwambia kwamba mambo hayo yalibaki vijijini. Hapa kambini, alisema, sisi ni Wakristo, Mademoiselle, na maneno yetu ni maneno tu. Mado akamshukuru.

Basi mwezi wa nane mama yake Faustin akafa. Alikuwa mwanamke mzee aliyeletwa kutoka Lukafu kuja kuishi na mwanawe, na kambi nzima ilimpenda. Faustin alikaa chini ukutani, hakula, hakulia, hakumjibu mtu. Edith, mke wake, aliogopa uso ule kuliko alivyoogopa kifo chenyewe. Asubuhi ya mazishi alikuja mlangoni kwa Anaclet akiwa amejifunga kitambaa kiunoni.

"Ba Anaclet," akasema, "kambi nzima Chui iko weye moja tu. Kama haukuji, nani atamufungulia bwana yangu roho?"

Anaclet alifikiria kamisheni. Kisha alikumbuka kwamba siku ile Mademoiselle ameshuka mjini kwenye maktaba, na moyo ukamtulia. Alivua tai. Alivua shati. Agnès akampaka majivu usoni, akamfunga gunia la unga mabegani, na karani wa wafanyakazi akatoka mbio uani kama mwehu, akinguruma.

Wanaojua utani wa msibani wanajua kilichofuata. Aliingia kaburini kabla ya marehemu, akalala chali, akasema shimo hili ni zuri, yeye ndiye atakayekaa humu, mama atafute pengine. Aliwaita wenye msiba wote mbuzi waliokonda. Halafu akamgeukia Faustin. Na hapa inabidi ijulikane Faustin alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa mwaminifu kiasi cha kuchosha. Kabla ya kutoka getini alikung'uta hata vumbi la nguo zake, akisema vumbi hilo ni mali ya kampuni. Watoto wake walikatazwa kuchezea vipande vya matofali yaliyovunjika. Utani mzuri hugeuza kitu juu chini, na Anaclet alikuwa mtani mzuri.

Akapiga kelele kutoka shimoni kwamba mwizi mkuu wa Haesaert ndiye yule pale ukutani. Kwamba tangu awe kapita, kila siku matofali yanatoka chini ya kofia yake. Kwamba Lukafu yote sasa ni ya matofali, mpaka mabanda ya kuku, mpaka vichuguu. Kwamba yeye, karani, ndiye anayejua, maana karani anajua yote. Mwambieni amjengee mama yake nyumba humu chini, alisema, vyumba vitatu na sebule, matofali si anayo?

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Na Faustin, ambaye tangu juzi alikuwa kama gogo, alitetemeka kidogo, akatoa sauti fulani, akacheka, na kutoka kwenye kicheko akaingia kwenye kilio. Alilia kwa nguvu, kama mtoto wa mtu, jinsi ilivyopasa. Edith aliketi chini kwa unafuu.

Anaclet akapanda kutoka shimoni, udongo mwili mzima, akiwa na furaha ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri. Ndipo alipomwona Mademoiselle Mado. Alikuwa amerudi mapema kutoka mjini, amesimama katikati ya wanawake, amefunga kitambaa cheusi walichomwazima, na alikuwa akimtazama yeye.

Kesho yake ofisini Anaclet alikuwa amefunga tai kwa kuikaza kuliko kawaida. Mado aliingia taratibu, akafunga mlango nyuma yake, akakaa. Alitoa pole ya msiba. Halafu akauliza kile ambacho Anaclet alikuwa amekesha akikisubiri.

"Monsieur Anaclet, yale ya jana yalikuwa utani?"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Msichana yule angefurahi, angemwomba amweleze, na angeandika kurasa ambazo pengine zingempa udaktari wake. Lakini ndiyo ile ingemaanisha kwamba mwenyeji wake alimdanganya. Ingemaanisha pia kwamba mwombaji wa immatriculation, baba mwenye uma mezani, huvaa gunia na kulala makaburini.

"Hapana, Mademoiselle," akasema. "Utani uliisha zamani. Ile ilikuwa huzuni tu. Mtu akiwa na huzuni husema yaliyomo moyoni."

"Hata yale ya matofali?"

"Hata yale," akasema Anaclet, akavuta droo kutafuta kitu ambacho hakikuwemo.

Alijiambia baadaye kwamba hakufikiri. Si kweli. Alifikiri haraka sana, na alichofikiri ni kwamba jambo hili ni dogo na litapita.

Mado alimaliza kipindi chake mwezi uliofuata, akaandika ripoti yake nzuri, akampa mkurugenzi nakala kama walivyopatana. Humo alisifu usafi wa kambi, alilaumu maji machache, na alieleza ndoa na malezi. Katika sura ya vifo aliandika kwamba wafanyakazi husemana ukweli wazi mbele ya kaburi, na akatoa mfano: mtu mmoja msomi na wa kuaminika alimtaja kapita wa tanuri kwamba huiba matofali, na watu wote wakaonyesha kwa vicheko kwamba wanalijua jambo hilo. Jina la msomi huyo hakuliandika. Alimficha kwa wema, asije akapata taabu kwa kusema kweli. Kapita hakumtaja jina pia, lakini kiwanda kilikuwa na kapita mmoja tu wa tanuri.

Msimu ule matofali yalikuwa yamepungua. Fundi yeyote angekueleza kwamba kuni zilikuwa mbichi na tanuri zima lilipasua mzigo wake mara mbili, lakini wenye kampuni huko Antwerp hawakutaka habari za kuni. Walitaka mtu. Bwana Gérard alisoma sura ya vifo, akaisoma tena, akamwita Anaclet.

Alimsomea kile kipande kwa sauti, kisha akamuuliza kama kuna sababu yoyote ya kutoliamini neno hilo. Aliuliza kwa haki kabisa. Akasubiri. Dirishani Anaclet aliona moshi wa tanuri ukipanda, na chini yake Faustin, mdogo kwa umbali, akiwaelekeza watu wa kuni kwa mkono. Juu ya meza, karibu na ripoti, lilikuwa faili lake mwenyewe la immatriculation likingoja sahihi ya mdhamini.

Anaclet alijibu kwamba yeye ni karani tu, na Mademoiselle ni msomi.

Mkurugenzi akashukuru, akasema ni jibu la busara. Kabla ya mwisho wa juma Faustin alikuwa amefukuzwa. Nyumba za kambi zilikwenda pamoja na kazi, kwa hiyo alitakiwa aondoke na familia yake arudi Lukafu, akalime. Aliuliza kosa lake ni nini. Aliambiwa kwamba kampuni imepata habari. Aliuliza habari kutoka kwa nani, akaambiwa kwamba hilo halimhusu. Mtu ambaye hakuwahi kutoka na vumbi la kampuni alisimama getini akapekuliwa mifuko.

Agnès hakuambiwa chochote, lakini alikuwa ameolewa na mtu mmoja kwa miaka mingi, na alijua jinsi anavyotafuna chakula akiwa na jambo. Alimsubiri atue uma.

"Baba Virginie, haya mambo ya Faustin, ilitoka wapi?"

Anaclet akamweleza. Alieleza vibaya, akianzia mwisho, akirudi nyuma, akisimama kwenye droo. Agnès alisikiliza huku akikusanya sahani. Hakupaza sauti. Alimkumbusha tu kwamba yeye ndiye aliyempaka majivu usoni kwa mikono yake, na kwamba angejua yanakwenda kufanya nini, angemwacha Faustin awe gogo mpaka leo.

"Uende kwa Directeur," akasema. "Umwambie ilikuwa bunungwe. Utani tu."

"Kamisheni inakuja Jumamosi."

"Niko najua Jumamosi."

"Na Virginie?"

Hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote: mtoto alikuwa chumba cha pili, akikariri kwa sauti majina ya mito ya Ulaya, na wote wawili walimsikia.

Anaclet alikwenda kuungama. Alipiga magoti, akasema kwamba alishiriki katika mambo ya kipagani makaburini. Padre alimkaripia kwa upole, akampa sala za malipizi, akamwondolea dhambi hiyo. Anaclet akatoka nje, akasimama kwenye ngazi za kanisa juani, na akajua kwamba ametoa dhambi ndogo ili kubwa ibaki ndani. Hata kwa Mungu alikuwa amepeleka ripoti iliyofichwa majina.

Mademoiselle Mado alikuja ofisini kwake siku moja kabla ya kusafiri. Habari zilikuwa zimemfikia kwa wanawake, ambao sasa hawakumkaribisha tena jikoni, na hakuna aliyemwambia kwa nini. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema hakuandika ili mtu afukuzwe. Alisema aliandika juu ya vifo, si juu ya wizi. Alisema kama amekosea, basi leo hii, sasa hivi, atakwenda kwa mkurugenzi na kukiri kwamba ni yeye mgeni ambaye hakuelewa, na kosa litakuwa lake mbele ya chuo, hata wakimnyima udaktari. Anaclet hangehitaji kutajwa. Kisha akaacha Kifaransa, akatumia kile Kiswahili chake kilichovaa viatu.

"Niambie kweli, Bwana Anaclet. Wewe ndiwe mwenyeji wangu. Nimekosea?"

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Alichotakiwa ni kutikisa kichwa tu. Lakini angetikisa kichwa, msichana angekwenda kwa mkurugenzi, na mkurugenzi si mjinga, angeuliza aliyesema ni nani na alisema akiwa amevaa nini. Mpaka jioni hati ingekuwa imekwenda na maji. Anaclet alimtazama binti wa watu aliyekuwa tayari kupoteza masomo yake kwa ajili ya mpishi wa matofali, akamwonea haya kiasi kwamba alitamani amchukie.

"Mademoiselle," akajibu kwa Kifaransa, "kampuni imekwisha kuamua."

Mado akampa mkono, akamshukuru kwa ukarimu wake wote. Alimaanisha. Anaclet aliushika ule mkono, uliokuwa bado na kovu la lengelenge la mwiko wa bukari.

Jumamosi kamisheni ikaja, wanaume wanne na mwanamke mmoja mwenye kofia. Walihesabu vitanda. Walifunua sufuria. Mwanamke wa kofia alimuuliza Agnès wanakula saa ngapi na pamoja na nani, na Agnès akajibu kwa sauti tambarare kwamba wanakula saa kumi na mbili, wote, mezani. Virginie akatamka shairi bila kosa. Mmoja wao, hakimu mwenye masharubu, aliuliza kama Anaclet ameachana na desturi zile za zamani za misibani, maana alisikia kwamba kambi hizi bado zina upuuzi mwingi.

"Nimeachana nazo," akasema Anaclet.

Ilikuwa kweli sasa. Hakukuwa tena na Mbuzi wa kumtania. Wakampongeza wote kwa mikono, na mwanamke wa kofia akampapasa Virginie kichwani.

Lori la kwenda Lukafu lilipakiwa Jumatatu asubuhi mbele ya kambi. Lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa Makomeno aliyekuwa akienda kununua mihogo, na Faustin alikuwa ameomba nafasi nyuma. Kitanda kilikuwa kimesimamishwa ubavuni, sufuria zimefungwa ndani ya shuka, na juu ya magunia waliketi Edith na watoto, na kuku wao wachache wamefungwa miguu. Karibu nusu ya kambi ilitoka kuwaaga. Watu hawakujua waseme nini. Mtu aliyekufa utamlilia, lakini aliyefukuzwa utamfanya nini?

Anaclet alikuja amevaa koti lake la sherehe. Hakuwa amepanga, au alikuwa amepanga usiku kucha mambo mengine, na yale yaliyomtoka hakuyapanga. Agnès alimfuata nyuma hatua kadhaa. Watu wakampisha, akafika kwenye bodi ya lori, akainua uso.

"Faustin," akasema. "Iko miye. Miye ndiye nilikupotezesha kazi."

Faustin alimtazama kutoka juu ya magunia, uso wake mkavu kama ule wa siku ya msiba.

"Madmazele aliniuliza kama unaiba matofali," Anaclet akaendelea. "Nikamwambia iko kweli. Directeur naye aliniuliza. Nikanyamaza. Ni mudomo yangu ilikutoa mu nyumba yako."

Kitu kikacheza pembeni ya mdomo wa Faustin. Kikazidi. Halafu kapita wa tanuri akaachia kicheko kilichomtoka tumboni, akapiga magunia kwa kiganja, akamgeukia mkewe.

"Edith, si nilikuambia? Nilikuambia munungwe yangu hatanifungia mulango bila kunisindikiza. Musikieni Chui."

Na watu, waliokuwa wamebana pumzi tangu alfajiri, wakapasuka wote. Wanawake waliinama wakishika magoti. Edith alijifunika uso kwa kitambaa na mabega yake yakaruka ruka. Hii ndiyo ilikuwa kazi ya mtani, na karani alikuwa ameikumbuka, tena na koti lake zuri, tena na machozi ya kweli machoni. Hakuna aliyekuwa amewahi kuona utani uliochezwa vizuri namna ile.

"Haiko mchezo," akasema Anaclet. "Faustin, unisikie. Naapa mbele ya Mungu."

Wakacheka zaidi. Chui anaapa.

"Naapa kwa kichwa ya Virginie," akapiga kelele, akashika bodi ya lori kwa mikono miwili. "Nilifanya kwa ajili yake. Nilikuuzisha, Faustin."

Faustin alikuwa sasa analia kwa kucheka, akijifuta kwa mgongo wa mkono. "Basi, basi," akasema. "Umeniua. Nikifika Lukafu nitabaambia: hata siku Bazungu bananifukuza, Chui alinichekesha." Akainama, akachagua kuku mmoja kati ya wale waliofungwa, aliyenona kuliko wote, akamshusha juu ya bodi mpaka kifuani kwa Anaclet. Mtani aliyefanya kazi yake harudi mikono mitupu. "Kamata. Hii iko yako. Hakuna muntu mwingine alikuja kunifungulia roho."

Anaclet alikataa. Akamrudisha kuku juu, Faustin akamshusha tena mikononi mwake, na kule kukataa nako kukawachekesha. Dereva akawasha injini. Lori likatoka, Faustin akipunga mkono na watoto wakinguruma kama chui juu ya magunia, mpaka likaingia kwenye vumbi la njia kuu.

Watu walipokuwa wakirudi majumbani walimgusa Anaclet begani mmoja mmoja. Mzee Chola wa kwenye kalibu, ambaye hakumpenda kamwe kwa sababu ya tai, alimwambia kwamba amemuaga mwenzake vizuri sana. Kila mtu alikuwa amechangamka kidogo. Baada ya muda wakabaki wawili, yeye na Agnès, kando ya barabara.

"Nimemwambia," akasema Anaclet.

"Nimesikia," akasema Agnès. Yeye hakuwa amecheka. Alinyoosha kidole upande wa ofisi, ambako dirisha la mkurugenzi lilikuwa limefunguliwa tayari. "Yule pale haiko munungwe yako. Yeye hatacheka. Uende umwambie, lori haijafika mbali."

Anaclet alitazama dirisha. Alitazama barabara. Kuku akapiga mbawa ghafla, na Anaclet akamsogeza mbali na kifua, amshike kwa mkono ulionyooka, asije akamchafulia koti.